Imam Ghazali: Aliyejitenga na Watu, Kisha Akawarudia

 Limezoeleka katika barza zetu neno hili: kwamba zama zimeharibika, mambo yamevurugika, na mwenye kuitakia dini yake salama ni afunge mlango wake, ashike msala wake na tasbihi yake, na awaachie wenye dunia dunia yao. Wasemao hivi si watu wabaya. Wengi wao ni watu wa ibada, na uchungu walio nao ni wa kweli. Lakini wakitaka kulitia nguvu neno lao humshuhudisha Imam Ghazali, wakasema kwamba hata yeye, pamoja na elimu yake yote na jaha yake yote, aliuacha mji wa Baghdad akenda kujitenga. Hayo ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba alirudi, na sababu alizozitoa za kurudi kwake ni nzito kuliko zile za kuondoka. Kwa hivyo tumeona tuisimulie tarikh yake kwa mapana kidogo, ili mwenye kumshuhudisha amshuhudishe kwa maisha yake yote.

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali alizaliwa mwaka wa 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika Tus, mji wa nchi ya Khurasan, karibu na ulipo leo mji wa Mashhad katika Iran. Baba yake hakuwa mwanachuoni. Wenye tarikh wanasimulia kwamba alikuwa akisokota sufi na kuiuza, na kila apatapo nafasi hukaa na wanavyuoni akawasikiliza na kuwatumikia, huku akimwomba Mungu amruzuku mtoto wa elimu. Alikufa wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, wakiwa bado wadogo. Aliwausia kwa rafiki yake mmoja, mtu wa taswawuf, akamwachia na akiba ndogo ya kuwasomeshea. Akiba ile haikuchukua muda ikesha, na yule rafiki naye alikuwa fakiri, hana kitu. Basi akawaambia wale watoto waende wakajiandikishe katika madrasa, kwani huko wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Ghazali baadaye hakuona haya kukiri kwamba yeye na nduguye waliingia katika elimu kwa kutafuta chakula, na kwamba elimu yenyewe ndiyo iliyowageuza nia.

Alianza fiqhi kwao Tus, kisha akasafiri hadi Jurjan akasoma na kuandika mengi. Katika kurudi, msafara wao uliingiliwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali aliwafuata nyuma, akamwomba mkubwa wao amrejeshee mfuko wake, kwani ndani yake hamkuwa na kitu cha kuwafaa wao, mlikuwa na karatasi zake za masomo tu. Yule mnyang'anyi alicheka, akamuuliza vipi anadai kuwa amejua ilhali karatasi zikichukuliwa hubaki hajui kitu. Kisha akamrejeshea. Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni onyo alilotumiwa na Mungu kwa ulimi wa mwizi. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, mpaka ikawa hata akinyang'anywa tena haimdhuru. Twataja kisa hiki kwa kuwa watoto wengi wa vyuoni hukisikia, na kinafaa kusikiwa.

Kutoka Tus alikwenda Nishapur, akasoma kwa Imam wa Haramayn, Abul Maali Al-Juwayni, ambaye hakuwa na mfano wake katika zama zake kwa fiqhi ya Shafii na elimu ya tawhidi. Hapo ndipo akili yake ilipong'ara. Alipokufa Juwayni mwaka wa 478 Hijria (1085), Ghazali hakuwa amefika miaka thelathini, lakini jina lake lilikuwa limekwisha kutangaa. Akenda kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri mkubwa wa masultani wa Kituruki wa Saljuki, naye pia mwenyeji wa nchi ya Tus. Waziri huyu ndiye aliyejenga zile madrasa zilizoitwa Nizamiya katika miji mikubwa, na kambi yake ilikuwa ni mahali pa kukutana maulamaa na kujadiliana mbele yake. Ghazali aliwashinda wote. Mwaka wa 484 Hijria (1091) waziri akamtuma Baghdad kuwa mwalimu mkubwa wa Nizamiya ya huko, naye ana umri wa miaka thelathini na minne kwa hisabu ya mwezi.

Kukalia kiti kile wakati ule kulikuwa ni kufika ukomo wa utukufu wa dunia kwa mwanachuoni. Wanafunzi mia tatu walihudhuria darsa zake. Alivaa vizuri, alipanda mnyama mzuri, na mawaziri walimwita wapate rai yake. Kwa kazi zake zote hizo alipata saa za kusoma peke yake vitabu vya wanafalsafa, akavimaliza bila ya mwalimu, kisha akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao na kingine cha kuonyesha walipojipinga. Vilevile, kwa amri ya Khalifa Al-Mustazhir, aliandika kitabu cha kuwarudi Batini.

Lakini dunia iliyokuwa nje ya madrasa ile ilikuwa ikiwaka. Katika Ramadhani ya mwaka wa 485 (Oktoba 1092) Nizam al-Mulk aliuawa karibu na Nihawand kwa kisu cha mtu aliyemjia kwa sura ya kuleta mashtaka, na mauaji hayo yakahisabiwa kuwa ni ya Batini. Haukupita muda mrefu, Novemba ya mwaka huohuo, akafa na Sultan Malik Shah. Dola ikapasuka. Wana wa Sultan, ndugu zake na wake zake wakagombania ufalme. Majeshi yakawa yanapita katika nchi za Waislamu yakiteketeza mashamba ya Waislamu. Mwaka wa 1094 akafa Khalifa Al-Muqtadi, na Ghazali alikuwa miongoni mwa waliohudhuria baia ya Al-Mustazhir. Aliyaona yote haya kwa karibu. Aliwaona wakubwa walioapiana jana wakichinjana leo, na maulamaa wakitafuta fatwa ya kumridhisha yule aliyeshinda.

Juu ya hayo akaanza kujitazama nafsi yake. Aliyaandika mambo haya kwa mkono wake katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal, na ni nadra kumpata mwanachuoni wa daraja yake aliyejianika namna ile. Aliona kwamba elimu nyingi alizokuwa akizisomesha hazikuwa na faida kwa akhera, na alipoichungua nia yake ya kusomesha aliikuta kwamba si safi kwa ajili ya Mungu. Iliyokuwa ikimsukuma ni kutaka jaha na kuenea sifa. Akawa siku moja aazimia kuondoka, siku ya pili avunja azma yake. Hali hii ilianza Rajabu ya mwaka wa 488 (Julai 1095), ikamkamata karibu miezi sita. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alikuwa akikaa mbele ya wanafunzi, akijaribu kuwasomesha angalau siku moja ili kuziridhisha nyoyo zao, na neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti. Madaktari wakakata tamaa naye, wakasema kwamba maradhi yameanzia moyoni na dawa haitafaa kitu mpaka moyo upumue.

Katika Dhulkaada ya mwaka ule, Novemba 1095, akatoka Baghdad. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni nia yake ni Sham, kwa kuchelea Khalifa na jamaa zake wasije wakamzuia. Mali aliyokuwa nayo aliigawa, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Kiti chake katika madrasa akakikalia nduguye Ahmad. Watu wa Iraq hawakufahamu kabisa. Walioko mbali na Iraq walidhani ni kwa kuwachelea wakubwa, na walioko karibu na wakubwa, ambao waliona jinsi wakubwa wenyewe walivyokuwa wakimng'ang'ania, walisema kwamba ni jicho limewapata Waislamu. Mtu kuviacha vyeo vyote vile kwa sababu ya dini tu, hilo halikuwaingia akilini.

Mwezi huohuo wa Novemba 1095, kule Clermont katika Ufaransa, Papa Urban wa Pili alisimama akawaita Wakristo wa nchi zile watoke kwa vita waende Baitul Muqaddas. Ghazali hakujua, wala hapana Mwislamu wa Baghdad aliyejua.

Alikaa Sham karibu miaka miwili. Katika Damascus alikuwa akipanda mnara wa Msikiti wa Bani Umayya, akajifungia humo mchana kutwa. Akaenda Baitul Muqaddas, akawa kila siku aingia Kubba ya Jiwe na kufunga mlango. Na watu wa huko aliwaandikia risala fupi ya itikadi. Alizuru kaburi la Nabii Ibrahim, A.S., katika mji wa Al-Khalil, na hapo, mwaka wa 489 (1096), akaweka ahadi tatu na Mungu: kwamba hatakwenda tena mbele ya sultani, hatapokea mali ya sultani, na hatafanya mijadala ya kushindana. Ahadi hizi msomaji azihifadhi, kwani zitarudi mbele. Kisha akahiji.

Hapa ndipo baadhi ya wasimulizi wetu wanapokifunga kitabu. Mtu mkubwa ameacha dunia, amekaa mnarani, basi habari imekwisha. Lakini twauliza: huko mnarani alikuwa akifanya nini? Pamoja na ibada zake, alikuwa akiandika Ihya Ulumid Din, kitabu kikubwa kuliko vyote alivyoviandika, chenye sehemu nne na vitabu arubaini. Na mwenye kukisoma Ihya kwa makini hataona humo mafunzo ya kuwakimbia watu. Katika sehemu yake ya kwanza mna sala, zaka, saumu na hija, mambo ambayo mengi yake hufanywa pamoja na watu. Sehemu ya pili yote ni ya mwendo wa mtu na wenziwe: namna ya kula, ya kuoa, ya kutafuta riziki, haki za ndugu na jirani, adabu za safari. Humo mna kitabu kizima juu ya kujitenga, na amekipima kwa mizani ya haki. Alizitaja faida za kujitenga, kisha akazitaja hasara zake: kwamba mwenye kujitenga hukosa kusomesha na kusoma, hukosa kunufaisha na kunufaika, hukosa thawabu za kuwatumikia watu, na hukosa kuijua nafsi yake, kwani tabia ya mtu haijulikani ila akiguswa. Na akatahadharisha kwamba mwenye kujitenga kabla ya kujifunza, aghlabu hupoteza wakati wake kwa usingizi na mawazo matupu.

Kisha katika kitabu cha kuamrisha mema na kukataza maovu akasema jambo ambalo twatamani lisomwe katika kila msikiti. Alisema kwamba mtu akaaye nyumbani kwake, popote alipo, hakusalimika na uovu katika zama zile, kwa sababu kule kukaa kwake na kuacha kuwafundisha watu ni uovu pia. Watu wengi katika miji hawajui hata masharti ya sala. Basi watu wa vijijini na mabarani watakuwaje? Kwa hivyo akawajibisha kwamba kila msikiti na kila mtaa uwe na mwenye kuwafundisha watu dini yao, na kila kijiji vilevile. Na kwamba fakihi aliyekwisha kutimiza faradhi iliyo juu ya nafsi yake aende kwa watu wa pembezoni mwa mji wake. Na akaongeza sharti: achukue chakula chake mwenyewe, wala asile cha kwao. Na mwenye kujua kwamba sokoni mna uovu anaoweza kuuondoa, si halali kwake kujikalia nyumbani kwa kusema yeye hauoni. Ni wajibu atoke.

Wala hakuishia kwenye maneno ya jumla. Aliorodhesha maovu ya zama zake mahali kwa mahali, kama mtu aliyetembea mjini akiyahesabu. Misikitini, watu wasali mbiombio bila ya kutulia katika rukuu na sijida, na wasomaji wanakosea Kurani. Sokoni, muuzaji asema uongo juu ya faida yake, aficha aibu ya bidhaa, apunja vipimo. Njiani, mtu ajenga dakika iliyotokeza mbele ya nyumba yake mpaka njia ikawa nyembamba, afunga mnyama wake pakawa hapapitiki, amtwisha punda mzigo asiouweza. Mchinjaji achinja mlangoni pa duka lake akaichafua njia kwa damu. Mwengine atupa maganda ya tikiti maji au amwaga maji mahali ambapo mpita njia atateleza. Wakaao katika mitaa ya zamani ya miji yetu ya pwani watayafahamu haya bila ya sharhe. Imam aliyekaa mnarani akimtaja Mungu ndiye huyu aliyeona kwamba ganda la tikiti njiani ni jambo la dini.

Katika kitabu cha elimu, ambacho ndicho cha mwanzo wa Ihya, aliwakaripia wanafunzi wa wakati wake kwa jambo jengine. Alisema kwamba mtu atadai kuwa anasoma fiqhi kwa kuwa ni faradhi ya kifaya, na ilhali mji wote umejaa mafakihi na hauna tabibu ila asiye Mwislamu. Mbona hapana aendaye kusoma utabibu, nao pia ni faradhi ya kifaya? Jawabu yake mwenyewe ilikuwa kali: ni kwa sababu utabibu haumpatishi mtu kusimamia wakfu na mali za mayatima, wala kuwa kadhi, wala kuwashinda wenziwe. Maneno haya yameandikwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita.

Si insafu kumsifu mtu bila ya kusema yaliyo juu yake. Ihya ina hadithi nyingi dhaifu, na nyengine hazina asili; Al-Hafidh Al-Iraqi, aliyekufa mwaka wa 806 Hijria, alifanya kazi kubwa ya kuzichungua, na mwenye kusomesha Ihya bila ya kuutazama uchunguzi wake anawadhulumu wanafunzi wake. Na liko jambo zito zaidi. Mwezi wa Julai 1099 majeshi ya Msalaba yaliingia Baitul Muqaddas, mji ule ule alioukalia Ghazali miaka michache nyuma, yakawaua watu wake bila ya huruma. Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kurudi mashariki. Aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, na katika vitabu vyake mashuhuri humuoni akiitaja habari hii. Wako waliomlaumu vikali, kama Dokta Zaki Mubarak wa Misri katika risala yake ya mwaka 1924. Sisi hatutaki kumtungia udhuru asioutoa mwenyewe. Twasema tu kwamba lawama hii ni ya haki kwa kiasi chake, na kwamba yeye aliuona ugonjwa wa umma kuwa umo ndani kabla ya kuwa nje: masultani wanaopigana wao kwa wao, maulamaa wanaouza elimu, na watu wa kawaida wasioijua sala. Aliyaelekea hayo. Mengine yakabaki kwa wengine.

Tukirudi kwenye safari yake, watoto wake walikuwa wakimwita, naye asema kwamba maombi yao ndiyo yaliyomvuta kurudi kwao ingawa alikuwa mtu wa mbali kabisa na fikra ya kurudi. Mwaka wa 490 (1097) alionekana Baghdad, na Abu Bakr bin Al-Arabi, mwanachuoni wa Andalus, alikutana naye huko. Kisha akenda Tus. Nyumbani aliendelea kujitenga kwa kadiri alivyoweza, lakini mambo ya maisha na dharura za watoto zilimchanganyia ile safi ya kuwa peke yake. Kwa jumla alihesabu miaka kumi na mmoja, tangu kutoka Baghdad mpaka kurudi kusomesha.

Na huku kurudi ndiko kulikokuwa vita vikubwa. Katika Munqidh ameeleza kwamba alitazama akaona imani za watu zimelegea. Mmoja aacha sala kwa kuwa amesoma falsafa, mwengine kwa kuwa adai amefika daraja ya kutohitaji ibada, mwengine kwa kuwa amewaona maulamaa wenyewe wakila haramu. Aliwauliza mmoja mmoja sababu zao, akajiona anaweza kuwajibu kwa wepesi. Nafsi yake ikamwambia: kukaa faraghani kutafaa nini, na maradhi yameenea, na matabibu ndio wagonjwa? Kisha ikamjia hoja ya upande wa pili, ile ile tuisikiayo kila siku: zama hizi ni za batili, ukiwalingania watu kwenye haki watakufanyia uadui wote, na wewe peke yako utawaweza wapi? Akairidhia hoja hiyo kwa muda, akajipa ruhusa ya kubaki alipo.

Hapo ndipo ilipomjia amri ya kwenda Nishapur kusomesha. Waziri wa Khurasan wakati huo alikuwa Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, akimtumikia Sanjar bin Malik Shah. Ghazali akaona kwamba ile ruhusa aliyojipa imedhoofika. Akajihukumu bila ya kujionea huruma: haifai sababu ya kukaa kwake mlangoni pake ikawa ni uvivu, na kupenda raha, na kuitakia nafsi utukufu, na kuikinga na maudhi ya watu. Tazameni maneno haya yalivyo magumu. Yule yule aliyeondoka Baghdad kwa kuwa kusomesha kulikuwa kumeingiwa na kutaka jaha, sasa aona kwamba hata kujitenga kwaweza kuingiwa na kutaka raha. Mahali hapakuwa na dhambi wala utakatifu. Hesabu ilikuwa ni ya nia. Akawataka shauri watu wa nyoyo safi, wote wakamwambia atoke. Na karne mpya ya Hijria ilikuwa inaingia, naye akakumbuka ahadi aliyoitoa Mtume, S.A.W., ya kwamba Mungu atauletea umma huu kila mwanzo wa miaka mia mwenye kuwafufulia dini yao.

Alitoka kwenda Nishapur katika Dhulkaada ya mwaka wa 499, yaani Julai 1106. Alisema kwamba kwa dhahiri amerudi kusomesha, lakini kwa hakika hakurudi, kwani zamani alikuwa akieneza elimu ya kupatia cheo, na sasa alingania elimu ya kuachia cheo. Miezi miwili tu ikapita. Siku ya Ashura ya mwaka wa 500, Fakhr al-Mulk akauawa na Batini, kama alivyouawa baba yake. Mtu aliyemwita amekwisha kufa, na hatari ni ile ile ya miaka kumi na mine nyuma. Safari hii Ghazali hakuondoka, alibaki akisomesha.

Mahasidi nao hawakulala. Walikitoa kitabu chake cha ujanani, Al-Mankhul, wakamshtaki kwamba amemtukana Imam Abu Hanifa, na Sanjar alikuwa akifuata madhehebu ya Hanafi. Akaitwa mbele ya Sanjar. Ghazali aliandika akaomba asamehewe kwenda, akaitaja ahadi yake ya Al-Khalil. Lakini alilazimishwa, akenda. Huko alijisafisha kwa Imam Abu Hanifa kwa heshima kubwa, na hakuishia hapo. Alimweleza mfalme hali ya watu wa Tus: kwamba wamedhulumiwa miaka mingi, kwamba baridi na ukosefu wa mvua vimeangamiza mazao, na miti ya umri wa miaka mia imekauka, na kwamba shingo za Waislamu zimeinama kwa taabu, na shingo za farasi wake zimevishwa dhahabu. Kumbukumbu ya barua zake za Kiajemi imehifadhi mengi ya namna hii, kwa mawaziri na kwa makadhi, akiwaonya juu ya kodi na njaa, wala hakujiombea kitu. Hii ndiyo tafsiri aliyoitoa yeye mwenyewe ya ahadi ya kutokwenda kwa masultani: hakuwa akiwaendea kwa haja zake.

Katika zama hizohizo, mwaka wa 503 (1109), Ihya ilichomwa moto Cordoba katika Andalus kwa amri ya mfalme Ali bin Yusuf, baada ya fatwa ya maulamaa walioudhika kwa alivyowasema. Mwaka huohuo Ghazali alimaliza Al-Mustasfa, kitabu chake cha usuli wa fiqhi, ambacho wanafunzi wa elimu hiyo wanakirejea hata leo.

Baada ya miaka michache ya Nishapur alirudi Tus. Karibu na nyumba yake palikuwa na madrasa ya wanafunzi na zawiya ya watu wa ibada, na wakati wake akaugawa baina ya Kurani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Mwaka wa 504 (1110) kile kiti cha Baghdad kikawa wazi, na waziri wa Sultan Muhammad akamwandikia akikalie tena. Alikataa kwa adabu. Alijibu kwamba ana wanafunzi mia na khamsini Tus ambao hawawezi kuhama naye. Kwamba ana watoto. Kwamba Baghdad hapana budi ya mijadala, na kumwamkia Khalifa, na kula mshahara wa dola, na hayo matatu ameyaahidi kuyaacha. Shamba lake dogo la Tus lilimtosha kwa kubana matumizi. Sisi twaona kukataa huku kwaeleza maisha yake kuliko kule kuondoka kwa mwaka wa 1095: hakuwaacha watu, alibaki na wale waliomhitaji zaidi na wasioweza kumpa kitu.

Jina lake lilifika mpaka kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyepigania maisha yake yote kuwaamsha Waislamu wa pwani hii, alipoanzisha madrasa Mombasa katika miaka ya 1930 aliiita Al-Ghazali.

Katika miaka yake ya mwisho Imam alishughulika na Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwani elimu ya hadithi ndiyo iliyokuwa upungufu wake, naye alilijua hilo. Siku chache kabla ya kufa alimaliza risala ya kuwazuia watu wa kawaida wasitumbukie katika mabishano ya elimu ya kalamu. Jumatatu, mwezi 14 Jumada Thani mwaka wa 505, sawa na 18 Disemba 1111, kama alivyosimulia nduguye Ahmad, alitawadha, akasali alfajiri, akataka aletewe sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akanyoosha miguu kuelekea kibla, na kabla jua halijachomoza alikuwa amekwisha kufa. Alizikwa Tabaran, katika Tus, karibu na pale alipozaliwa. Aliacha mabinti peke yao, na mali kidogo ya kuwatosha.